Koti la Simiti

Ramani ya simu ilinifikisha hadi kwenye msikiti mdogo wenye mlango wa kijani, kisha ikanyamaza. Nilikuwa nimeteremka asubuhi hiyo kutoka basi la Lamu, begi moja mgongoni, nikitafuta chumba cha siku mbili katika mtaa wa Shela, Malindi, mji ambao nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kushuka. Vichochoro vya Shela havikutaka kujua habari za ramani. Nilikata kulia, nikakata tena kulia, nikakuta njia imezibwa na rundo la vipande vya plasta. Juu ya rundo, kwenye jukwaa la miti, alisimama mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, akigonga ukuta kwa patasi na nyundo.

"Pita haraka au usipite kabisa," alisema bila kugeuka. "Anayesitasita ndiye anayeangukiwa."

Sikupita. Nilimwambia ninatafuta nyumba ya Bi Raiya.

"Ndiyo hii. Ila mlango uko chini ya miguu yangu. Zunguka kwa jikoni. Na umwamkie vizuri, leo hana furaha."

"Kuna nini?"

"Huoni? Nimeivua nguo nyumba yake mchana kweupe."

Dirisha la ng'ambo ya kichochoro lilifunguka, mwanamke akatoa kichwa. "Mwambie mgeni ukweli, Ngowa! Mwambie wewe hujawahi kuikuta nyumba nzima ukaiacha nzima!"

"Bi Mishi," fundi alijibu kwa upole, "ukuta wako ni wa pili kwenye orodha."

Dirisha likafungwa.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Ngowa, fundi wa chokaa, mzaliwa wa kijiji cha Ganda. Siku mbili nilizokusudia ziligeuka mwezi na kitu.

Chumba nilichopewa kilikuwa juu, kirefu na chembamba kama ujia. Nyumba za kale za pwani hii zote ziko hivyo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi kubwa bila kupinda, kwa hiyo mti ndio uliompimia mwenye nyumba upana wa maisha yake. Nimelala katika vyumba vya upana huo Zanzibar na Mukalla, nikasalimiwa kwa lugha tofauti asubuhi, lakini macho yalipofunguka yalikuta dari ileile.

Bi Raiya alikuwa na miaka sabini na minane. Alizaliwa katika chumba cha chini cha nyumba hiyo, akaolewa humo, akafiwa na mume humo. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu aliniuliza jambo moja tu.

"Umeiona alama?"

Nilikuwa nimeiona: msalaba mwekundu wa rangi, na tarehe chini yake. Ukuta wa mbele, unaoelekea kichochoroni, ulikuwa umevimba kwa kiasi cha kiganja. Ofisi ya majengo ilikuwa imeleta barua. Ama ukuta uwe salama ifikapo Alhamisi ya baada ya Idd, ama nyumba ibomolewe kabla haijawaangukia wapita njia. Barua haikuwa ya uonevu, mama mwenyewe alikiri. Watoto wa madrasa hupita hapo kila siku.

"Mwanangu Azim amenitengenezea chumba Mombasa," alisema. "Ghorofa ya nne." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja maradhi. "Ghorofa ya nne, baba. Nitamchungulia nani?"

Ramadhani ilikuwa imeingia siku ya nne. Ngowa si Mwislamu, lakini kwa mwezi mzima sikumwona akitia kitu mdomoni mbele ya watu. Kila siku saa saba alishuka jukwaani, akanawa, akaingia jikoni nyuma ya mlango, na Bi Raiya, aliyefunga, alikuwa amemwekea wali na mchuzi wa papa chini ya kawa. Mimi pia nilipewa sahani mlemle, na mlemle ndimo nilimosikia habari zake, kidogo kidogo, kati ya tonge na tonge.

Aliingia mjini akiwa na miaka kumi na sita, baada ya mikorosho ya baba yake kukauka. Kazi ya kwanza ilikuwa kumchotea maji fundi mmoja mzee, Seif, aliyekuwa hajui kusoma lakini akiweka mgongo wa mkono ukutani aliweza kusema mvua ya mwisho ilinyesha upande gani. Seif alimfundisha kuchoma mawe ya matumbawe, kuyazima kwa maji, kisha kuifukia chokaa shimoni na kuiacha ilale. Miezi mitatu kwa uchache. Chokaa isiyolala, Seif alisema, huamkia ukutani.

"Nilikaa naye miaka saba. Kisha ikaja simiti."

"Ilikuwa haijafika?"

"Ilikuwapo, lakini kwenye mahoteli. Baada ya ile mvua kubwa ya tisini na saba, kila mtu mjini akaitaka nyumbani kwake. Ngumu, ya haraka, inang'aa. Ukipiga Jumatatu, Jumatano umeshamaliza. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa na baiskeli mpya. Unafikiri ningekaa nikisubiri chokaa iamke?"

Alicheka, lakini alikuwa akitazama sahani.

Ukuta wa matumbawe, alinieleza, umejaa vijitundu. Unanyonya unyevu wa ardhi na wa hewa ya chumvi, halafu unautoa kupitia chokaa, polepole, mwaka baada ya mwaka. Ukiuvisha simiti umeuvisha koti la mvua. Jasho linabaki ndani. Chumvi inakua ndani. Jiwe linageuka unga huku uso ukiwa mzuri, wa kupiga picha, hadi siku linapovimba. Alichukua kipande kutoka kwenye rundo, akakigeuza. Upande wa nje ulikuwa mgumu kama sahani. Upande wa ndani alipitisha kidole, akakilamba, akanipa na mimi nilambe.

"Chumvi," nilisema.

"Miaka ishirini na saba ya chumvi."

Sikuuliza alijuaje idadi ya miaka.

Kazi ilikwenda kwa mwendo wake. Alimaliza kuuvua ukuta, akauacha uchi siku kadhaa upate upepo. Mawe yaliyooza aliyatoa moja moja, akaweka mengine, akishusha uzi wa timazi kila baada ya safu mbili kuona kama ukuta uko wima. Chokaa ilikuja kwa mkokoteni kutoka shimo lake la Ganda, nyeupe na laini kama siagi, harufu yake baridi. Mkono wa kwanza, kisha siku za kungoja, kisha mkono wa pili. Mbele ya ukuta alitundika magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe chokaa kwa pupa. Bi Raiya alileta kiti chake barazani jioni, akatazama.

"Lini utaupaka rangi?"

"Hautaki rangi, Bi Raiya. Unataka kupumua. Baadaye nitaupaka chokaa ya maji, basi."

"Mafundi na maneno yenu," alisema. "Nyumba inapumua. Kesho utaniambia inataka futari."

Siku nne kabla ya Idd Ngowa alipata simu kutoka Vitengeni. Shangazi yake amefariki. Hanga, yaani matanga ya Wagiriama, haliendwi kwa saa mbili, na yeye ndiye mkubwa wa kiume aliyebaki upande ule. Alitushikisha mimi na Bi Raiya ndoo ya maji, akatuonyesha namna ya kuyalowesha magunia, akaondoka.

Yaliyotokea baadaye ni kosa la upendo, na nililishuhudia kwa macho yangu. Shela hakuna nyumba inayoipokea Idd kwa uso wa jana. Jumamosi mtaa mzima ulinuka rangi. Milango ilipakwa, madirisha yalipakwa, mabaraza yalisuguliwa. Nyumba ya Bi Raiya peke yake ilisimama na magunia yake kama mgonjwa. Mama alivumilia hadi adhuhuri. Kisha akamwita mpaka rangi aliyekuwa akimaliza nyumba ya jirani, na kufikia alasiri ukuta ulikuwa umevaa rangi ya mafuta, ya manjano kama samli, mikono miwili, inameta. Bi Mishi alipiga kigelegele dirishani. Bi Raiya aliniuliza nionavyo, na mimi, niliyekuwa nimeilamba ile chumvi kwa ulimi wangu, nilisema imependeza.

Ngowa alirudi Jumanne, Idd pili, kama saa tatu asubuhi, kichwa kimenyolewa kwa msiba. Nilikuwa barazani na Bi Raiya tukila vileja. Alisimama katikati ya kichochoro. Alitoa heri za sikukuu, akapokea pole za msiba, yote kwa utaratibu, macho yakiwa ukutani. Kisha akasogea, akaweka mgongo wa mkono. Kwenye kimo cha goti rangi ilikuwa imetoka malengelenge, makubwa kama nusu ya embe dogo. Alitoboa moja kwa ukucha. Maji yakatiririka.

"Nani kafanya?" aliuliza taratibu.

"Mimi," alisema Bi Raiya. "Idd ilikuwa inaingia, mwanangu. Ningeipokeaje na magunia?"

Ngowa alikaa kwenye ngazi ya baraza, mbali kidogo na sisi.

"Keshokutwa anakuja mkaguzi. Ukuta ukibaki hivi, atafurahi. Umenyooka, unameta, atasaini. Alhamisi mtavuka. Masika hamtavuka. Chokaa iliyo chini haijashika, na sasa haipati hewa. Mvua ikipiga mwezi mmoja, itamwagika ndani ya rangi kama uji ndani ya mfuko."

"Na tukiitoa?"

"Tukiitoa itabanduka na ngozi ya chokaa. Nitaziba ninavyoweza kwa siku mbili. Lakini Alhamisi ukuta utakuwa na mabaka kama paka. Mkaguzi akitaka uso mzuri, basi nyumba imekwenda."

Bi Raiya aliiweka sahani ya vileja chini.

"Una hakika gani kuwa utaharibika? Huenda ukakaa. Ule uso wa kwanza ulikaa miaka."

"Ule wa kwanza ndio uliokula mawe."

"Ni bahari iliyokula mawe. Bahari na uzee. Siku zote nimesema."

"Siku zote umesema," Ngowa alikubali, "na siku zote mimi nimenyamaza. Si bahari, Bi Raiya. Ni ile simiti. Mwaka wa tisini na nane mzee Abdulkadir aliniita, nikaja na baiskeli yangu, nikauvisha ukuta huu koti kwa siku tatu. Fundi Seif alipita hapa, akasimama pale alipo mgeni. Aliniambia, 'Unaifunga pua.' Nilimcheka. Mbele ya watu nilimcheka."

Mume wa Bi Raiya alikuwa ndiye huyo Abdulkadir. Mama alilitazama dirisha la juu, kisha ukuta, kisha kichwa cha fundi kilichonyolewa.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Miaka kumi. Kuna msikiti Mambrui plasta yake ilianguka kipande kizima, nikaona ndani. Toka siku ile najua."

"Miaka kumi. Unaingia jikoni kwangu, unakula wali wangu, unanisikiliza nikiitukana bahari."

"Naam."

"Na hukusema."

"Niliogopa hutaniita tena kuja kuurekebisha. Atakuja mwingine na simiti."

Kuku wa jirani alipita. Bi Raiya alijifunga ushungi upya, akainuka kwa kushika mlango.

"Basi tumekuwa wawili," alisema. "Wewe uliufunga pua kwa ujana, mimi kwa Idd. Mishi! We Mishi!"

Dirisha likafunguka kwa kasi ya dirisha lililokuwa wazi tangu mwanzo.

"Labeka!"

"Lete mwiko wako wa kukwangulia ukoko. Na ule wa dada yako."

"Idd pili, Bi Raiya? Nimepaka hina!"

"Hina itakaa. Nyumba haitakaa."

Alikuja, hina na yote. Akaja na jirani mwingine, na huyo akaja na wawili. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na wanawake saba na wanaume watatu mbele ya ukuta, wengine kwa miiko ya pilau, wengine kwa visu vya jikoni, mmoja kwa kipande cha kifuu. Rangi ilitoka kwa mikanda mirefu, na kila mkanda ulichukua ngozi nyembamba ya chokaa. Ngowa alipita kati yao na mwiko wake wa chuma, akionya, "Polepole, si sufuria hii."

"Mwiko wako na mwiko wangu, fundi," alisema Bi Mishi, "leo ndiyo mara ya kwanza inafanya kazi moja."

"Wako umezoea kuunguza."

"Na wako umezoea kubomoa!"

Bi Raiya alikwangua kipande kinachofikika akiwa ameketi. Hakuzungumza na Ngowa asubuhi ile yote. Saa saba ilipofika aliingia ndani, nami nikadhani amechoka. Alitoka na sahani ya biriani ya Idd, akaiweka barazani, si jikoni nyuma ya mlango, akamwambia, "Kula hapa, watu wakuone."

Jumanne ile Ngowa alifanya kazi hadi magharibi, na Jumatano kuanzia alfajiri hadi magharibi. Hakuweza kuurudishia ukuta sura. Aliziba palipochimbika, akapiga chokaa nyembamba, akatundika magunia. Alhamisi aliyashusha. Ukuta ulikuwa na mabaka meupe, ya kijivu na ya rangi ya mchanga, ulikuwa na alama za miiko ya pilau, na juu kabisa, mahali ambapo mikono ya majirani haikufika na muda wa Ngowa haukutosha, palibaki utepe wa rangi ya samli. Lakini uzi wa timazi ulipita sambamba nao toka juu hadi chini.

Mkaguzi aliitwa Mutuku, kijana mnene mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na adabu ya watu waliolelewa na nyanya zao. Alimwamkia Bi Raiya kabla ya kutazama kitu. Kisha akatazama, akafungua faili, akatazama tena.

"Mama, hii ukuta imekuwa mbaya kuliko mwanzo."

"Ukuta *huu*, baba," alisema Bi Raiya. "*Umekuwa*."

"Ukuta huu umekuwa mbaya kuliko mwanzo." Alimgeukia Ngowa. "Na ile alama yangu iko wapi?"

Ngowa aliingia ndani, akatoka na karai. Ndani yake vilikuwamo vipande vya plasta, vimepangwa, na msalaba mwekundu ukasomeka, pamoja na nusu ya tarehe.

"Sikuitupa. Ni mali ya serikali."

Mutuku alijaribu kutocheka, akashindwa. Lakini hakusaini. Alisema, kwa haki, kwamba yeye hukagua usalama, ila wakubwa wake huangalia picha, na picha ya ukuta ule ingemtia matatani. Kwa nini usingepakwa rangi kidogo tu, naye apate la kuandika?

Nilimwona Bi Raiya akifumba macho. Ngowa ndiye aliyejibu. Aliokota mkanda wa rangi uliobaki pembeni, akaugeuza, akamwonyesha majimaji yaliyokaukia mgongoni mwake. Kisha akamshika mkaguzi kiganja, kama ambavyo labda yeye mwenyewe aliwahi kushikwa, akauweka mgongo wa mkono ule laini juu ya ukuta.

"Unasikia nini?"

"Baridi."

"Sasa jaribu kwingine. Pale juu kuna rangi bado, panda jukwaani."

Mutuku alipanda, shati na pasi yake. Aliweka mkono kwenye ule utepe wa samli, akauondoa, akauweka chini yake penye chokaa, akarudia. Alishusha timazi lake mwenyewe mara tatu. Alipima uvimbe ambao haukuwapo tena. Aligonga kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, akitega sikio, na ukuta ulijibu kwa sauti moja. Aliposhuka alikuwa na vumbi magotini.

"Pale juu panatoka jasho," alisema.

"Ndipo ngazi yangu ilipoishia," alisema Bi Mishi kutoka dirishani.

Aliandika akiwa amesimama. Aliandika kwamba ukuta uko wima na imara, kwamba uso wake haujakamilika kwa sababu za kiufundi, kwamba ukaguliwe tena masika yakiisha. Alimsomea Bi Raiya kila neno. Mama aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaikunja ndogo, akaitia katika fundo la leso. Kisha akaingia ndani ghafla, na tukamsikia akimpigia Azim simu, akimwambia kwa sauti ya juu kile chumba ampangishe mtu mwingine.

Alasiri, baada ya kuukwangua ule utepe wa juu na kupapiga chokaa, Ngowa alikuwa akiosha vyombo vyake kwenye ndoo: mwiko, patasi, timazi. Alivifunga kwenye gunia, akalifunga gunia nyuma ya baiskeli.

"Unakwenda Ganda?" nilimuuliza.

"Mambrui. Kuna nyumba niliivisha mwaka wa tisini na tisa. Ukumbi mzuri, vidaka vya nakshi. Wenyewe wanadhani ni bahari."

"Wamekuita?"

"Hawajaniita."

Bi Raiya alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amemfungia vileja katika karatasi, akampa bila maneno mengi, kama mtu anayempa mwanawe anayekwenda mahali pagumu. "Ukifika," alimwambia, "anza kwa kusema. Usianze kwa kugonga."

"Wakinifukuza?"

"Watakufukuza. Kaa barazani hadi wachoke."

Alisukuma baiskeli, akageuka mara moja kunitazama mimi.

"Mgeni, asubuhi na jioni. Magunia yawe mabichi, yasichuruzike. Unaulowesha ukuta, huuogeshi."

"Siku ngapi?"

"Hadi mgongo wa mkono uache kuhisi baridi."

Alipita chini ya dirisha la Bi Mishi, lililomtupia neno ambalo sikulisikia na yeye akalijibu, na wote wawili wakacheka. Kisha kichochoro kikakata kulia, na baiskeli nayo. Nilichukua ndoo. Jua lilikuwa limeanza kuufikia ukuta kwenye kona ya kusini, na gunia la kwanza lilikuwa limeshakauka pembeni.